Ridhwan Hajaswaliwa

Naja Sawalim, Misri, 20 Februari 1975

Kaka yangu Abdulmuti,

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na ile baridi ya jangwani isiwe imekuingia tena kifuani kama mwaka jana. Mama anakusalimu. Wifi yangu Wisal hajambo, na binti yenu Karima ameota meno mawili. Juzi alimng'ata nayo kidole babu yake Sheikh Tuhami, na mzee akasema, "Huyu ni Abdulmuti mtupu!" Nyati wetu wa maziwa amezaa dume, na Mjomba Hamdan amenuna tangu siku hiyo, eti alimwagiza jike. Miwa tumekata kama nusu hivi. Mimi darasani kwangu wanafunzi wameongezeka mpaka wengine wanakaa dirishani.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa chini. Mdogo wetu Ridhwan amefariki dunia. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, na alizikwa jioni ileile, kando ya Baba. Sikukuletea simu ya maandishi kwa kuwa usingeweza kuwahi, na nilijua ungefadhaika huko peke yako. Unajua mwenyewe alivyokuwa tangu arudi vitani Sinai. Mungu amrehemu na ampumzishe.

Mama yupo. Usiwe na wasiwasi juu ya Mama.

Dada yako,
Insaf


Kuwait, 19 Machi 1975

Mdogo wangu Insaf,

Waalaykum salaam. Mpe Mama mkono wangu aushike kwa mkono wako, kwani mimi siko. Msalimie mke wangu, na Karima, na mkwe wangu Sheikh Tuhami. Mwambie kidole kitapona.

Barua yako imechukua karibu mwezi kunifikia. Niliisoma juu ya jukwaa la ujenzi, nikiwa na ndoo ya lipu mkononi, na msimamizi akanipigia kelele kwa sababu ukuta ulikauka nusu. Nimelia, Insaf, sikufichi. Wenzangu wa chumbani wamenisomea Kurani jioni tatu, na Disuqi, yule mtu wa Sohag anayetupikia dengu, amempa marehemu khitima nzima peke yake.

Lakini barua yako ni fupi mno kwa mwalimu. Alikuwa na ugonjwa gani? Homa? Kifua? Kijana wa umri ule hadondoki tu kama tende. Nani alimwosha? Nani alishuka naye kaburini? Na mkwe wangu alimswalia mwenyewe, au alimwachia naibu wake? Watu walijaa? Niambie safu zilikuwa ngapi, nipate kujifariji. Wenzangu hapa wananiuliza nami sina la kusema. Nimewaambia ilikuwa homa.

Kaka yako,
Abdulmuti


Naja Sawalim, 14 Aprili 1975

Kaka yangu,

Salamu nyingi na kheri. Sisi huku tunaendelea. Miwa imekwisha, na treni ndogo ya kiwanda imeacha kupita, tumepata utulivu. Karima anatambaa, anakula udongo. Wisal amemshonea Mama blanketi.

Umeuliza nani alimwosha. Mjomba Hamdan alimwosha, kwa upole ambao sikujua anao. Sanda ilikuwa ile ya Mama mwenyewe, aliyokuja nayo kutoka Makka, aliyoilowesha maji ya Zamzam na kuiweka sandukuni kwa ajili ya siku yake. Aliitoa yeye, hakuulizwa. Mjomba ndiye aliyeshuka naye, akamlaza kuelekea Kibla.

Ugonjwa wake ulikuwa uleule.

Habari za safu sikuweza kuziona, mimi nilikuwa ndani na Mama. Nakuomba jambo moja: mwandikie Mama barua yake peke yake, yenye jina lake juu. Hatoki. Hata kwenye tanuri la mikate haendi tena. Mimi ndiye ninayekwenda.

Insaf


Kuwait, 30 Mei 1975

Insaf,

Salamu kwa Mama na kwa nyumba yangu.

Bakhit, mtoto wa muuza mafuta ya taa, amefika hapa kutafuta kazi, na amelala chumbani kwetu. Usiku wa kwanza tu, tumekaa kwenye sinia, akanipa pole mbele ya watu wote, kisha akaeleza alichokijua. Alidhani najua. Disuqi akanitazama. Chumba kizima kikanitazama.

Usiniandikie habari zake tena. Kilichofanyika kimefanyika, na aliyefanya amejifanyia. Mpe Mama kitambaa hiki, ni cha pamba nzuri. Viatu ni vya Karima.

Abdulmuti


Naja Sawalim, 22 Juni 1975

Kaka yangu Abdulmuti,

Assalaam alaykum. Kitambaa kimefika, viatu vimefika, vitamfaa Karima akifika miaka mitatu. Mama anakushukuru. Joto limeanza, mbu wameamka, nyati anatoa maziwa ya kutosha.

Umesema nisikuandikie habari zake. Basi ishia hapo kwenye salamu uikunje karatasi, maana kuanzia hapa ni habari zake tu.

Asubuhi ile alikunywa chai na Mama. Alikuwa mtulivu kuliko siku nyingi, Mama akafurahi. Akatoka. Adhuhuri wakata miwa walimtoa kwenye mfereji mkubwa. Nguo zake zilikuwa ukingoni, zimekunjwa kama wanavyozikunja jeshini. Ndiyo hiyo, kaka. Hakuna zaidi, na sitaki kijiji kikuongezee.

Walimleta mpaka mlango wa msikiti. Sheikh Tuhami akatoka, akaona zile nguo mikononi mwa mtu, akasema, "Mimi siwezi kusimama mbele ya huyu." Akarudi ndani. Wanaume wakabaki wanatazama viatu vyao. Mjomba Hamdan, anayeweza kumtukana punda kutoka shambani mpaka kituo cha treni bila kurudia tusi, siku ile ulimi ulimkauka. Alimbeba na binamu zetu watatu, wakamzika, wakarudi. Hakuswaliwa. Hata takbira moja. Ndiyo maana sikukujibu habari za safu.

Nilidhani nitanyamaza, na muda utapita. Lakini Mama alikwenda kwenye tanuri, na Niima, mke wa mkuu wa kijiji, akasema kwa sauti ya kusikika: "Aliyejizamisha ataendelea kuzama mpaka Kiyama, na baada ya Kiyama." Mama akaacha unga palepale. Alikuja nyumbani mikono imejaa unga, hakuinawa. Tangu siku hiyo kila akitaka kunywa maji anasita, anaitazama glasi, anaiweka chini. Nikimwambia, "Mama, kunywa," anasema, "Yeye anakunywa nini?"

Nikaamua. Nilipanda treni nikaenda Qina, kwenye chuo cha dini, nikamtafuta Sheikh Mahrus anayefundisha fikihi. Nilimkuta amefungwa kitambaa shavuni, jino linamuuma, hataki kuona mtu.

"Sema haraka," akaniambia. "Kila neno langu lina gharama leo."

Nikamweleza. Akauliza: "Alikana dini?"

"Hapana."

"Alikuwa anaswali?"

"Siku anazoweza."

"Na akili zake?"

Nikamwambia yale ambayo wewe hukuyaona. Lori la miwa likipita barabarani alijificha chini ya kitanda. Alizungumza na wenzake waliobaki mchangani Sinai, akiwaita kwa majina, akiwasihi wanyamaze ndege zisiwasikie. Siku nyingine alikuwa mzima, anacheka na Karima.

Sheikh akashika shavu. "Kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa juu ya asiye na akili zake, mpaka zimrudie. Je, asubuhi ile zilikuwa zimemrudia? Wewe unajua? Mimi sijui. Huyo Tuhami wenu anajua?"

"Anasema kujiua ni dhambi kubwa."

"Ni kubwa! Na Ijumaa nikipanda mimbari nitaisema hivyo hivyo, jino au bila jino. Lakini dhambi kubwa haimtoi Mwislamu katika Uislamu, na wa kuamua Pepo na Moto si Tuhami wala Mahrus. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa mtu aliyejiua, hakumswalia, ili watu waogope. Imamu akikaa pembeni, ana hoja. Kijiji kizima kikikaa pembeni, hakina hoja hata moja. Kumswalia maiti ni faradhi ya jamii. Asipotokea wa kuitimiza, dhambi ni ya wote. Hapo wa kulaumiwa si ndugu yako, binti. Ni nyinyi."

Nikamuuliza kama bado inawezekana. Akasema tuswali palepale kaburini, wanawake wasimame nyuma. Nikauliza nani aongoze.

"Walii wake. Baba yenu?"

"Marehemu."

"Kaka mkubwa?"

"Yuko Kuwait."

"Sasa umenifuata mimi na jino langu la nini? Kamwandikie Kuwait!"

Basi nimekuandikia. Wewe ndiye walii wa Ridhwan. Njoo umswalie ndugu yako. Kama huwezi kuja, mpe idhini Mjomba Hamdan kwa maandishi, ili asipate kisingizio cha kusema si haki yake. Mimi sitaacha jambo hili.

Insaf


Naja Sawalim, 3 Agosti 1975

Kaka yangu,

Salamu. Sote wazima. Sijapata jibu lako, na najua barua imefika, kwa sababu Wisal amepata ya kwake ya tarehe za karibuni. Ameisoma mara moja akaificha kifuani, na hakunitazama usoni siku nzima. Sikumuuliza.

Sheikh Tuhami amekuja kwetu. Alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai, akamchukua Karima mapajani. Akamwambia Mama: "Umm Abdulmuti, nimefikiri. Joto lilikuwa halijaanza, lakini vijana huoga wakati wowote. Weka mkono juu ya Msahafu, uape kwamba mwanao alikwenda kuoga akateleza. Aliyezama bila kukusudia ana daraja ya shahidi. Nitamswalia mimi mwenyewe, na kijiji kizima nyuma yangu. Safu zitafika barabarani."

Nikamwomba Sheikh atupe muda nikuulize. Ndiyo nakuuliza.

Insaf


Kuwait, 25 Agosti 1975

Mdogo wangu Insaf,

Salamu kwa Mama. Huku tunafanya kazi kuanzia alfajiri na tunalala mchana, jua haliruhusu. Mikono imepasuka kwa saruji.

Kubalini. Sielewi hata muda uliomba wa nini. Mkwe wangu amekufungulia mlango, na wewe unasimama kizingitini unauliza mbao ni za mti gani. Ni neno moja tu. Nani ataumia? Mama atapumzika, Niima atafunga mdomo, na jina letu litarudi. Na huenda aliteleza kweli, wewe ulikuwepo?

Na ufikirie wengine. Wewe hujaolewa, una mshahara wako na ukali wako. Mimi nina mke aliye binti wa huyo unayetaka kumwaibisha mbele ya kijiji. Ukimgeuza Sheikh Tuhami kuwa adui, kesho Wisal atachukuliwa arudishwe kwao, na mimi nitamfuata vipi kutoka huku? Umefikiria hilo ulipopanda treni ya Qina?

Idhini ya maandishi sitoi. Mwambie Mama aape.

Abdulmuti


Naja Sawalim, 18 Septemba 1975

Kaka,

Ramadhani karim. Tunafungua kwa tende za mti wa Mjomba. Mwaka huu ni tamu, ila ni chache. Mama anafunga, ingawa nimemwomba apumzike.

Nilimsomea Mama barua yako yote, hata mahali uliponitukana. Alisikiliza. Siku ya pili akaniambia nimwite Sheikh, na Sheikh akaja baada ya Alasiri. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, kwa sababu nilitamani uwepo.

Mama alisema: "Sheikh, mwanangu ameshalala usiku wake wa kwanza kaburini. Malaika Munkari na Nakiri wameshamkalisha, wameshamuuliza, naye amejibu alivyojibu. Hawakuja kuniuliza mimi kwanza. Lakini siku yangu watakuja. Wakiniuliza kwa nini niliapa uongo juu ya Msahafu, nitasema nini? Niliapa ili Niima anisalimie?"

Sheikh akasema, "Mama, ni kwa ajili yake."

"Hapana. Akiombewa kijana aliyeteleza, ataombewa mtu mwingine. Mimi nataka aombewe Ridhwan."

Kaka, Sheikh akasema, na sauti yake haikuwa ya mimbari: "Nikimswalia yeye alivyo, kesho vijana wangapi wataona mlango uko wazi? Unadhani silali nikifikiria hilo? Nimemfundisha Alhamdu mimi, mtoto huyu." Simchukii, kaka. Anaogopa, na anaogopa kwa ajili yetu. Ila hofu yake isiwe ndiyo hukumu ya ndugu yetu.

Nikamkumbusha kisa alichonipa Sheikh Mahrus wakati naondoka: sahaba aliyehamia Madina na rafiki yake, rafiki akaugua, maumivu yakamshinda, akajidhuru mikono yake mwenyewe akafa. Yule sahaba akamwota yuko katika hali nzuri, ila mikono imefunikwa. Yule rafiki akamwambia: Mola amenisamehe kwa kuhama kwangu, lakini nimeambiwa hatutatengeneza ulichokiharibu mwenyewe. Mtume alipohadithiwa ndoto ile, akainua mikono: Ewe Mola, na mikono yake pia, isamehe.

"Kisa hicho nakijua," akasema Sheikh Tuhami. Akainuka, akaondoka.

Tangu siku ile Mama akimaliza swala anasema: "Ewe Mola, na miguu yake pia, iliyompeleka." Anayarudia mpaka machozi yanaingia kinywani.

Hatutaapa. Na Wisal bado yumo humu ndani, anakanda unga kando yangu. Kama una la kumwambia, mwambie yeye, usinitumie mimi kama ngao.

Insaf


Kuwait, 20 Oktoba 1975

Insaf, dada yangu,

Idi njema iliyopita, kwa Mama, kwako, kwa Wisal na Karima. Mjomba Hamdan mbusu kichwa hata akikataa.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani mtu alianguka kutoka jukwaani. Alikuwa Mbaluchi, mbeba mchanga, tulimwita Mirdad, na hakuna aliyejua jina la baba yake. Alikuwa hana ndugu hapa wala lugha. Tulimpeleka makaburini tukiwa na nguo za kazi. Imamu wa pale aliuliza swali moja tu: "Mwislamu?" Tukasema ndiyo. Hakuuliza alianguka vipi. Hakuuliza aliteleza au aliruka. Akasema Allahu akbar, nasi tukasema nyuma yake, watu wa Misri, wa Yemen, wa Pakistani, vumbi la saruji kwenye nyusi.

Takbira ya tatu ndipo mahali pa kumwombea maiti. Nilifungua mdomo nimwombee Mirdad, nikajisikia nasema jina la Ridhwan. Ona, Insaf, nimeliandika. Tangu Mei sikuwa nimeliandika wala kulitamka. Mgeni asiye na mtu amepata kundi zima, na mtoto niliyembeba mgongoni kuvuka mfereji uleule hakupata hata mimi.

Niliporudi chumbani niliwaambia wenzangu haikuwa homa. Bakhit akainamisha kichwa. Disuqi akaweka kijiko chini, akauliza, "Tumswalie lini?" Basi hivyo tu.

Kuja siwezi. Mkandarasi ameshikilia pasipoti zetu mpaka jengo liishe, na nimembembeleza mpaka nimechoka kujisikia. Lakini mimi ndiye walii, na natoa idhini kwa Mjomba Hamdan aongoze. Iwe Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, baada ya swala ya Ijumaa, ili barua iwahi kukufikia. Siku hiyohiyo sisi huku tutamswalia swala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi ya kumpa mkwe wangu. Haikufungwa, isome. Nimemwambia kwa heshima yote kwamba sikumwomba aje, wala sikumwomba abadili rai yake. Nimemwomba asimzuie mtu. Na Wisal nimemwandikia kwamba akitaka kukaa upande wa baba yake siku hiyo, sitamhesabia kosa, na akirudi kwao, nitamfuata kwa miguu nikipata pasipoti.

Niliogopa, dada. Hilo ndilo jibu la barua zote ambazo sikujibu.

Abdulmuti


Naja Sawalim, 30 Novemba 1975

Kaka yangu Abdulmuti,

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Mama anakusalimu, na leo salamu zake amezitamka mwenyewe, kwa sauti, akaniamuru niandike kila neno: "Mwambie mwanangu nimeridhika naye dunia na Akhera." Karima anatembea. Ndama wa nyati amepanda cheo, sasa Mjomba anasema dume lile ndilo bora kuliko majike yote ya Qina.

Karatasi yako nilimpelekea Sheikh Tuhami mkononi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Sitakuja." Nikasema sawa. Akaongeza, "Na sitamzuia mtu." Kisha akafunga mlango, lakini polepole.

Ijumaa ilipofika, Mjomba Hamdan alikuwa amevaa kanzu mpya na anatetemeka kuliko bwana harusi. Njia nzima alikuwa ananiuliza, "Baada ya takbira ya pili ni nini? Niambie tena."

"Kumswalia Mtume."

"Na ya tatu?"

"Kumwombea Ridhwan, Mjomba. Hiyo hutaisahau."

Tulitoka nyumbani mimi, Mama, Mjomba na wale binamu watatu. Nilijiambia hao wanatosha. Tulipopita mbele ya msikiti watu walikuwa wanatoka, wakatuona, na kwa mara nyingine wakaanza kutazama viatu vyao. Mjomba akasimama katikati ya barabara. Nilidhani atatukana. Akasema tu: "Ndugu zangu, Ridhwan bin Siraj hajaswaliwa. Naenda kumswalia." Akaendelea kutembea.

Nikasikia nyayo nyuma. Sikugeuka, niliogopa nikigeuka zitakoma. Tulipofika makaburini ndipo nikatazama. Alikuwepo fundi viatu, alikuwepo mpiga kengele wa shule yangu, alikuwepo mume wa Niima, mkuu wa kijiji mwenyewe, na wengine ambao jioni ile ya Februari walirudi nyumbani. Walikuwepo pia wanajeshi wawili waliokuwa na Ridhwan Sinai, waliokuja kwa treni kutoka Luxor. Hata sijui nani aliwaambia. Mjomba akawapanga safu tatu. Umeniuliza Machi, nakujibu leo.

Sisi wanawake tulisimama nyuma, mimi na Mama tu. Mjomba alipoinua mikono kwa takbira ya kwanza, bega la mtu likagusa bega langu la kushoto. Alikuwa Wisal. Alikuwa ametoka nyumbani kwa baba yake, alikokwenda asubuhi ile, kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na pumzi zilikuwa zimemwisha kwa kukimbia. Aliinua mikono yake akaingia katika swala.

Takbira ya tatu Mjomba alikawia. Alikawia sana, kaka, mpaka nikadhani amesahau. Kumbe alikuwa analia. Kisha ya nne, kisha salamu. Mama akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayempapasa mtoto aone kama homa imeshuka. Akasema, "Haya, baba. Haya." Tuliporudi nyumbani aliomba maji, akanywa glasi nzima bila kuitazama, akaomba nyingine.

Baba yake Wisal hajasema neno kwake. Jana alimletea Karima tini kavu, akaziacha mlangoni. Wisal anasema tumpe muda. Mimi nasema hivyohivyo.

Nilidhani barua yangu itaishia hapa, kwa shukrani. Lakini leo asubuhi, wakati naanika mikate juani iumuke, amekuja Nabawiya, mjane wa mlinzi wa reli. Unamkumbuka, yule asiyependa kuzungumza na mtu. Binti yake Shadia alifariki tukiwa wadogo. Tuliambiwa homa ya ghafla, akazikwa kabla ya jua kutoka, na hakuna aliyesikia swala yake. Nabawiya alisimama uani, ameshika ncha ya mtandio wake kwa mikono miwili. Akamtazama Mama, akanitazama mimi.

"Insaf," akasema, "na wa kwangu?"

Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Mama ndiye aliyeinuka. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka, akamwekea chai na sukari nyingi kama anavyowawekea wageni wa heshima. Kisha akaniambia nikamwite Mjomba Hamdan.

Mjomba alikuja na punda wake, akasikiliza yote amesimama mlangoni. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Mwambie Ijumaa," akasema. "Na safari hii nazijua takbira zote nne."

Wasalimie Disuqi na chumba kizima. Waambie wasikunje mkeka wa swala.

Dada yako,
Insaf